Kuni za Bwawa

Saa kumi na moja alfajiri Tukuyu imelala,
mvua tu ndiyo iko kazini. Mvua na mimi.
Usiniulize habari za misuli na viungo,
muulize Enea, yeye ndiye aliyesomea.
Mimi najua kuni.
Mkaratusi mbichi hulia machozi, moshi mwingi, joto hakuna.
Mparachichi huwaka upesi na kuzimika upesi,
kama ahadi ya mgombea.
Muwati ndio wenye subira.

Maji yanatakiwa nyuzi thelathini na tatu na nukta kadhaa.
Kipimajoto kilivunjika mwezi wa pili.
Natumia kiwiko,
kama mzazi anayejaribu beseni la mtoto.

Saa tatu wanaingia,
wengine kwa bajaji, wengine kwa mgongo.
Ambwene anatoka Masoko, mgongoni kwa mama yake.
Ana miaka minane,
na kanga inayombeba imechoka kabla ya mama.
Miguu yake hupishana kama mkasi
uliofungwa na kutu.
Nchi kavu, dunia nzima imemkalia magotini.

Ndani ya maji, anasema Enea, uzito hupungua.
Hasemi unakwenda wapi.
Mimi nadhani maji huupokea,
kama jirani anavyokupokea ndoo njiani
hata kabla ya salamu.

Siingii kule. Nina buti na masizi.
Kati yangu na bwawa kuna ukuta wa tofali moja,
na nimejifunza kuusoma kwa sikio:
chubwi, huyo ni Gwantwa, mwoga, ameshushwa;
shwaaa ndefu, miguu inayoburutwa;
halafu, siku zikiwa nzuri,
shwa.
Kimya.
Shwa.
Hapo mkasi umefunguka.
Nasimama na gogo mkononi, nahesabu,
mpaka moto unikumbushe mshahara.

Nilikuwa na dada, Tulinagwe.
Wageni wakija alihamishiwa jikoni, nyuma ya mafiga.
"Huko kuna joto," walisema,
na kweli, joto lilikuwapo.
Mimi nilitumwa kuni.
Kwa hiyo kazi hii sikuianza hapa.
Miaka tisa nilichochea moto kwa ajili ya mtu asiyetembea,
na hakuna aliyewaza kuinjika maji
isipokuwa ya ndizi.

Jumanne iliyopita kuni zililowa.
Turubai lilipasuka usiku, sikusikia.
Nilipuliza mpaka nikaona nyota mchana.
Kiwiko kikasema bado,
Enea akasema watoto wameshafika.
Wakaingia hivyo hivyo.
Nikamsikia Gwantwa akilia, kisha wawili, kisha wote.
Nikaketi, nikayatazama majivu.

Mlango wa chumba cha moto ukagongwa
chini kabisa, kwenye bati, pasipogongwa na mtu mzima.
Nikadhani mbuzi.

Alikuwa Ambwene, taulo kichwani, mkono mmoja ukutani,
midomo imepauka,
amekasirika mpaka masikioni.
Nyuma yake, kwenye saruji, nyayo za maji:
moja, moja pembeni, moja iliyoburutwa,
moja,
moja,
kutoka ukingoni mwa bwawa hadi kwangu, kumi na nne,
na huko zilikoanzia mama yake amesimama,
mikono mdomoni,
hathubutu kumfuata.

"Wewe ndiye wa moto?"
Nikasema ndiyo.
"Maji yako leo ni ya mtoni."
Nikasema samahani.
"Kesho usilale."

Kesho haikuwa siku yake, yeye huja Jumanne na Ijumaa.
Sikumwambia.
Wingu lilikuwa linateremka kutoka Rungwe,
nyayo zimeanza kukauka, ile ya kwanza, ya mbali, imeshafutika.
Nikachukua shoka.